Ile video ya dola 60, na suruali yenye ilikuwa bluu

Juzi mama moja alinitumia video ku WhatsApp, bila salamu, bila neno. Nikangojea ishuke, nikafungua, naona mlima. Nyiragongo na moshi yake pale juu. Kisha ziwa. Kisha ile sanamu ya dhahabu ya chukudu, ile kibaiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, pale ku ronpwe, ile mzunguko ya barabara. Nikasema mu roho, huyu naye ni nani tena, mutu wa Goma akishika tu kamera lazima aanze na mlima, ziwa na chukudu, kama vile benye batatazama habajui kama beko Goma. Ku segonde ya 19 njo nikaona mulango ya atelie ya mama mudogo yangu. Nikanyamaza. Ile video ni miye niliifanya.

Nilikuwa sijaiona tangu 2021. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa 5, volkano ilivyopasuka, tulitoka mu nyumba na batoto na godoro moja, tukarudi asubui, kisha tarehe 27 bakatangaza kartie mingi itoke, tukashika barabara ya Sake kwa miguu na ile musururu yote ya batu, na vile tulirudi tukakuta mulango imevunjwa, ordinatere haiko, diski haiko, hata sufuria habakuacha. Kazi yangu yote ilikuwa mu ile diski. Kwa hiyo orijinali hakuna tena. Chenye kilibakia ku hii dunia ni ile kopi yenye ilikuwa mu simu ya huyu mama, yenye WhatsApp ilibana mara sijui ngapi, mpaka picha ikakuwa kama mutu anatazamia mu chupa ya bia.

Mara ya kwanza niliitazama nacheka. Mara ya pili sikucheka. Ku mara ya tano nikatafuta kalamu, juu nilifahamu kitu moja yenye iliniuma kidogo: mu 2019 hii video mi sikuionaka hata siku moja. Niliona ingine, ile ya ku ordinatere, safi, kubwa, na sauti mu ekuta. Bakliyan ya mama mudogo njo baliona hii.

Nieleze kwanza. Mama mudogo anashona inifomu ya shule pale Majengo. Na Kongo yote inifomu ni moja, nyeupe ku juu bluu ku chini, kwa hiyo hakuna mambo ya fasho, kinashindaniwa ni kitambaa, bifungo, na kama mutoto ataikaa nayo mwaka muzima bila kupasuka pale kati. Myezi ingine anashona bikwembe ya harusi na kubadilisha zipu, lakini mwezi wa 8 njo mwezi wake, feza ya mwezi wa 8 inasukuma nyumba mpaka Noeli. Na mwaka wa 2019 haikukuwa mwaka kama mingine, juu serikali ilikuwa imesema shule ya msingi itakuwa bure, ile banaita gratwite, kuanzia rantre ya mwezi wa 9, na ku kila avenu bazazi balikuwa banahesabu batoto benye batarudi darasani. Mama mudogo akaniita, akanipatia kiti, akaniambia, "Mutoto yangu, weye unafanyiaka mashirika video, sasa unifanyie na miye moja. Niko na dola 60."

Nikazigawanya hivi. Dola 35 za rafiki mwenye alikuwa na kamera reflex na trepie, siku moja. Dola 10 za mutu wa radio, wa kutia sauti. Dola 10 za pikipiki, maji na chakula. Dola 5 za mega ya internet. Miye sifuri, ni famili. Na hapa niseme ukweli, Goma haikosi batu ya kamera, Yole!Africa peke yake, ile santre ya sanaa, imefundisha batoto mingi kufilme, kwa hiyo siwezi kusema eti shida ilikuwa ufundi. Rafiki alijua kazi yake, picha zake zilikuwa nzuri, kosa zote zenye nitataja hapa ni zangu miye mwenye kupanga.

Tuanzie ile mlima. Video iko na dakika 2 na segonde 50, na segonde 19 za kwanza hakuna hata uzi ndani. Ginsi gani niliziweka? Juu nilikuwa nazo. Zilibakia mu diski kisha kazi ya shirika moja, ni za bure, nikaona zitapandisha video, itaonekana ya bei. Sasa jiweke ku fasi ya mama mwenye iko ku soko ya Virunga, ameweka mega kidogo ya siku, anafungua stati ya WhatsApp ya fundi anakuta mlima. Mlima anauona kila asubui akifungua dirisha, kama mawingu haiko. Atapitisha kidole, ataenda ku stati ingine, mi pia ningepitisha.

Na hapa sibahatishi, juu hesabu niko nayo. WhatsApp ya ile wakati ilikuwa inakubali segonde 30 tu ku stati, kwa hiyo nilikata video mu bipande 6, na chini ya kila kipande WhatsApp inaonyesha kale kajicho na idadi ya benye bameona. Kila magaribi nilikuwa naandika ile namba mu kaye ya mama mudogo, ile kaye ya bipimo, na kaye ilikuwa ku atelie haikuibwa. Nilienda kuitafuta jana. Kipande ya 1, batu 94. Ya 2, batu 51. Ya 3, batu 38. Ya 4, 33. Ya 5, 22. Ya 6, 17. Namba ya simu ilikuwa mu kipande ya 6. Peke yake. Ni kusema ku batu 94 benye balifungua, 77 habakufika ku fasi yenye tulikuwa tunasema munipige simu ku namba hii. Na bei haikuwa ku fasi yoyote, hata ku mwanzo hata ku mwisho, hiyo nitarudilia.

Tena na hii 94 yenyewe. Nilikuwa nafikiri stati ni kama kupandisha bango ku ronpwe, kila mutu atapita ataona. Hapana. Stati inaonwa tu na mutu mwenye ameweka namba yako mu simu yake na weye umeweka yake mu yako. Simu ya mama mudogo ilikuwa na batu kama 130, karibu wote ni famili, korali, na batu ya likelemba, ile ya kuchangiana feza kwa zamu. Bakliyan yake balikuwa fasi gani? Mu kaye! Jina, kifua, kiuno, urefu wa muguu, na namba ya simu pembeni, myaka 8 ya bazazi, hakuna hata moja mwenye alikuwa mu simu. Tulitumia dola 60 kutangaza inifomu ku bashangazi yangu, benye bengine hata batoto ya shule habana tena. Kama ningemutuma mwanafunzi wa atelie aikale masaa mawili aandike zile namba mu simu, na kila mama mwenye anakuja kuchukua nguo aombwe na yeye aandike yetu, ingekuwa ya bure na ingezaa kuliko reflex.

Sasa suruali.

Kisha siku mbili ya kutia video, simu zikaanza kulia, mama mudogo akafurahi, na mi nikafurahi. Mama wa kwanza: "Munashonaka na bluu ao ni nyeusi tu?" Mama mudogo akafikiri ni mutu mwenye hajui. Mama wa pili naye: "Shule ya batoto yangu habakubali nyeusi." Ku wa tatu njo aliniita. Nikafungua ordinatere nikamuonyesha: mama, tazama, ni bluu, bluu kabisa. Akatazama akasema ndiyo ni bluu. Tukaamua bale bamama habaoni muzuri. Nacheka vile naandika, juu juzi, mu hii kopi, nimetazama ile suruali kila fasi yenye inapita, na ni nyeusi. Nyeusi kama makala. Bale bamama baliona muzuri kabisa.

Sababu ziko mbili, moja ni ya kamera, ingine ya WhatsApp. Ya kamera ni hii. Kamera haijui kama hiki ni nyeupe hiki ni nyeusi. Inachukua byote byenye biko mbele yake inachanganya, na inataka jumla iwe ya katikati, si giza si mwangaza. Sasa Goma chini ni mawe nyeusi ya volkano, ukuta za parsele ni mawe nyeusi, vumbi yenyewe ni nyeusi. Pale inje tulisimamisha batoto mbele ya ukuta ya mawe, kamera ikaona giza mingi, ikaongeza mwangaza, na shati nyeupe zikaungua: zinaonekana kama taa, hakuna kola, hakuna mikunjo, hakuna bifungo. Na bifungo njo kazi ya mama mudogo, tundu ya kifungo anaishonaka na mukono, ni ile yenye inamutofautisha na ya kununua tayari ku Birere! Haionekani hata moja. Kisha tukaingia ndani, mbele ya ukuta yenye alipakaa chokaa juu ya video, eti iwe safi. Kinyume sasa. Kamera ikaona mwangaza mingi, ikapunguza, uso ya mama mudogo ikakuwa kivuli, ameno tu njo inaonekana, na bluu ikashuka karibu na nyeusi.

Karibu, lakini haikukuwa nyeusi bado. Ku ordinatere ilikuwa inaonekana. Hapo njo ya pili inaingia. Video yangu ilikuwa na megabait kama 240, na WhatsApp ya ile wakati haikukubali video ya kupita megabait 16, kwa hiyo ilikuwa inaibana. Na kubana si kupunguza sawasawa kila fasi. Inatupa kwanza byenye jicho haliulizi sana, na giza njo fasi ya kwanza kutupwa, rangi zenye zinafanana mu kivuli inaziunganisha kuwa moja. Bluu nzito na nyeusi zikakuwa ndugu. Na mutu akiichunga mu simu kisha aitume upya kama video mupya, inaweza kubanwa tena.

Kitu ingine yenye kubana inaharibu ni mutikisiko. Ile programu haiweki kila picha nzima, inaweka moja nzima kisha inaandika tu chenye kimebadilika. Kama kamera iko ku trepie na mama mudogo anakata kitambaa, kinabadilika ni mikono na makasi, kazi ni kidogo, picha inabakia safi. Lakini rafiki yangu alipenda kutembeza kamera, pole pole, kutoka chini ku mawe mpaka ku kibao ya atelie, ile ya sinema. Kila kitu kinabadilika kila mara, mawe elfu moja, majani ya muparachichi inatikisika na upepo, programu inachoka, inatoa bile bikarare. Mu hii kopi ile fasi ya kupendeza kuliko zote njo mbaya kuliko zote, kama ukuta inayeyuka. Na ile fasi yenye nilikuwa naiona ya ovyo, makasi inapita mu kitambaa, mukono karibu, kamera imesimama, hata leo kisha kubanwa kote unaona mpaka chaki.

Sauti sasa. Weee.

Huyu mutu wa radio alikuwa na sauti nzuri sana, nzito, ya kutuliza. Nilimuandikia maneno mu Kifransa, eti iwe seryoze, "excellence" mara tatu. Chenye sikufikiri ni hivi: ile sauti Goma inaijua, na inaijua juu ya kitu moja, matangazo ya vifo ya asubui. Kila siku mbele ya habari, famili fulani inahuzunika kutangaza. Mama moja ya Katoyi aliniambia mbele ya mama mudogo, bila kucheka: "Mi nilivyosikia yeye nikazima, nikasema kilio ingine, nitasikia ni nani badaye." Juu ya sauti nikaweka wimbo moja yenye ilikuwa inapigwa kila fasi, na Facebook ikanyamazisha video muzima juu ya haki ya wimbo, kwa hiyo kule ku Facebook batu balitazama dakika 2 na segonde 50 ya mama anasogeza midomo. Na benye balisikia ku WhatsApp balisikia Kifransa ya kifo, wakati mwenye kununua inifomu ni mama, anaongea Kiswahili, anataka kusikia kitambaa ni gani, itachuja ao haitachuja.

Na mama mudogo anajua kusema hii mambo! Kuna fasi ku dakika ya 2, segonde chache tu, nilisahau kuzima sauti ya kamera, anasikika chini ya mutu wa radio anamwambia mwanafunzi, "vuta, vuta na nguvu, ikilia ni mbovu." Ni kujaribu kitambaa. Ni mistari ya bure, ya ukweli, bora kuliko yote yenye niliandika, na niliifunika. Ingehitaji nini? Simu ya pili mu mufuko ya blauzi yake, karibu na kinywa, inaenregistre peke yake, kisha unapiga makofi mara moja mbele ya kamera ili upate fasi ya kuunganisha sauti na picha ku montaje. Kamera ilikuwa metre tatu mbali, na moulin ya mihogo ya jirani inanguruma, nikasema haiwezekani. Umbali njo unaua sauti, mikro ya simu ya kawaida ku kifua inashinda ya kamera ya bei yenye iko ku mulango.

Niseme na ile ndoo, juu ile ni aibu yangu peke yangu. Tarehe 14 mwezi wa 7 mu 2019 Goma ilipata mugonjwa wa kwanza wa Ebola, na mwezi wa 8 kila mulango, duka, kanisa, mpaka bar, ilikuwa na ndoo ya robine na maji ya klore, na mutu wa kukupima joto ku paji. Ku mulango ya atelie ilikuwako ya buluu, kubwa. Mi nikaitosha. Niliona inachafua picha. Mama mudogo akairudisha, nikaitosha tena, akairudisha, akasema "Hii ni nyumba ya batu, haiko filme." Mu kopi iko pale, nusu, imekatwa na pembeni ya picha. Na mu kaye, fasi tulikuwa tunaandika mutu alitusikia ku nani, kuna mama moja alisema alikuja na batoto bake bane juu aliona beko na maji ku mulango.

Ile kuuliza njo kitu moja yenye nilifanya vizuri, na wazo haikukuwa yangu, ni ya mama mudogo. Kila kliyan mupya: ulitusikia wapi? Mwezi wa 8 walikuja 41 bapya. 32 ni jirani, ao mutu alimutuma, ao alipita akaona kibao. 9 ni video. Nikajipigia kifua, 9 ni mingi. Mama mudogo akaniangalia akasema, "Ni gratwite njo iliniletea batu, haiko weye." Tukabishana, lakini hesabu iko upande yake, juu mafundi bengine ku avenu balijaa pia, bila video.

Sasa ku bale 9, nikauliza zaidi, munakumbuka nini ndani? Hakuna mwenye alisema mlima. Moja alisema maji, ni ule wa batoto bane. 7 balisema "ile ya mutoto mwenye anacheka." Ni kipande ya 4. Mutoto muke, anaingia mwaka wa 2, mama mudogo anamupima kiuno na metre, metre ni baridi ao inamutekenya, anakunja tumbo anacheka mpaka mama mudogo naye anacheka, anaanza tena kupima. Segonde 11. Hatukupanga. Rafiki alitaka kuikata juu mutoto anatazama kamera. Mama yake aliniomba ile kipande peke yake, nikamutumia, akaiweka ku stati yake, akaitia mu grupu ya korali, kisha bamama ya korali bakaitia kwingine, juu ni mutoto wao. Bakliyan 7 balipitia pale, na si ku simu ya mama mudogo.

Mu 2020 nilifanya ingine, rantre ilikuwa imesukumwa mpaka mwezi wa 10 juu ya Korona, na mama mudogo alikuwa ametoka kushona bakashene, zile barakoa za kufunika mapua na kinywa, myezi mizima. Hiyo sitaongea mingi. Simu yangu, feza karibu hakuna, segonde 28, imesimama wima. Mbele ya saa 3 asubui, juu hapa kwetu karibu na ekweta saa 6 jua inasimama juu ya kichwa na macho inakuwa mashimo. Batoto ku mulango, mwangaza inatoka pembeni. Unagusa uso ku ekra, unashikilia mpaka ifunge pale, kisha unateremusha mwangaza kidogo mpaka bifungo bionekane. Suruali ya bluu tukaiweka pembeni ya kiatu nyeusi, na macho yakatofautisha yenyewe. Mama mudogo anaongea Kiswahili yake, simu ya pili mu mufuko. Mama ya mutoto tulimuomba ruhusa mbele, na tukamupa video. Njia tulionyesha kuanzia ku goudron mpaka ku mulango, kutembea tu, juu ile ya kwanza ilisema avenu na numero, na Goma hakuna mwenye anatafutaka nyumba na numero, unasema shuka ku entre fulani, uliza fasi banauzisha makala.

Hatukuelewana tu ku bei. Mu 2019 shati ilikuwa franka 8 000, kama dola 5 ya ile wakati, na mi nilitaka iandikwe kubwa ku mwanzo. Mama mudogo akakataa 2019, akakataa 2020, na leo angekataa. Anasema nikiandika bei, wa avenu ya nyuma atasema 7 500, na mutu mwenye angekuja tukaongea, akagusa kitambaa, ataenda kule bila kufika. Mi nasema mutu mwenye haoni bei anafikiri ni ghali. Yeye anashona tangu mi niko na ameno ya maziwa. Sijui nani yuko na haki, naandika tu kama haikuisha.

Nikarudilia ile kopi mara ya mwisho jana usiku, kipande ya 6, ile ya namba. Nilikuwa nimechagua herufi nyeupe, nyembamba, za kupendeza, juu ya shati nyeupe zenye zimetundikwa ku kamba. Na nikaziweka chini kabisa ya picha, fasi yenye ku stati inafunikwa na ile mustari ya kujibu. Nikakuza, nikakuza tena. Ya tatu kutoka mwisho ni 3 ao ni 8? Ya mwisho ni 6 ao 0? Nikapigia mama mudogo. Akacheka. "Ile namba? Ile line nilipotezaka tangu 2020."

Njo nikakumbuka sijamujibu ule mama mwenye alinitumia video. Nikamuandikia, aksanti mama, nimefurahi kuiona, ginsi gani uliikamata myaka yote hii? Akajibu na sauti, kelele ya soko nyuma yake. Eti ule wa kucheka ni mutoto yake, ile kuichunga ilikuwa lazima. Balitoka Majengo kisha volkano, sasa beko Mugunga. Mutoto amekuwa murefu, anaingia mwaka wa 7, jupe zote zimekuwa fupi, na anataka ule fundi wa ile wakati lakini namba ya pale mwisho ameshindwa kusoma, njo maana alinitumia, alifikiri nitaelewa.

Nikamutumia namba mupya. Kisha dakika mbili ikaingia ingine: "Na bei?"